Mke na mume wakienda nje, shamba libaki na nani?

Ajira ya ugenini inaweza kumwinua mkulima wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Inaweza pia kumrudisha mikono mitupu na kukuta shamba lake lina mwenyewe mwingine.

KATIKA vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Mbaha hadi Liuli na Mbamba Bay, habari ya kwenda nje si ngeni. Ng'ambo ya pili ya ziwa ni Malawi na upande wa kusini ni Msumbiji. Mtu wa Mbaha anaweza kuwa na shangazi Likoma na mjomba Nkhata Bay, huku yeye mwenyewe hajawahi kufika Dodoma.

Vijana wengi waliooana karibuni huliona jambo hili kuwa rahisi. Wana nguvu, watoto bado wadogo au hawajapatikana, na shamba la mihogo haliwapi fedha ya kujenga nyumba ya bati. Wanauza ng'ombe au mpunga, wanakata pasipoti, wanaaga wazee na kuondoka pamoja. Wanaamini kwamba wawili wakifanya kazi ugenini kwa miaka miwili au mitatu watarudi na mtaji.

Wapo wanaofanikiwa. Hata hivyo, hesabu ya safari ya watu wawili si hesabu ya mtu mmoja mara mbili. Ina mambo matatu ambayo wengi huyasahau: nani ana haki ya kufanya kazi huko waendako, fedha itarudije nyumbani, na shamba litabaki mikononi mwa nani. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo ambalo sheria ya nchi hii imelitaja waziwazi.

Walikopita babu na bibi

Historia ya kusini mwa Tanzania inatoa mifano miwili inayofaa kulinganishwa, yaani migodi ya Afrika Kusini na mashamba ya mkonge ya Tanga.

Kampuni iliyoajiri watu wa migodini kutoka nchi za kaskazini mwa Afrika Kusini ilijulikana kwa kifupi kama WNLA, na wananchi wakaiita Wenela. Ilichukua vijana kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na pia kutoka kusini-magharibi mwa Tanganyika. Mkataba ulikuwa wa mtu mmoja. Mwanamume aliishi kwenye kambi za wanaume watupu na mke hakuruhusiwa kumfuata. Mke alibaki nyumbani, akalima, akalea na kungoja.

Malipo yenyewe hayakuwa makubwa kama masimulizi yalivyodai. Watafiti wa historia ya migodi hiyo wameonyesha kwamba uwezo wa mshahara wa mchimbaji mweusi kununua bidhaa mwaka 1969 haukuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa mwaka 1911. Lakini mpango ule ulikuwa na jambo moja la maana kwa uchumi wa nyumbani. Sehemu ya mshahara ilizuiwa na mfanyakazi akalipwa aliporudi kwao. Fedha hiyo haikupita kwenye vilabu vya pombe vya Johannesburg. Ilifika kijijini ikiwa nzima, na shamba lilikuwa bado linalimwa kwa sababu mke alikuwapo.

Mkonge ulikuwa na utaratibu mwingine. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuandikisha wafanyakazi lililoitwa SILABU. Eneo la Songea, ambalo wakati huo lilijumuisha mwambao huu wa ziwa, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa manamba wengi. Huko Tanga mwanamume aliweza kwenda na mke wake na watoto. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi ambazo mfanyakazi alipaswa kuzikamilisha ndipo alipwe. Wanawake nao walipata kibarua, hasa cha kuanika nyuzi za mkonge.

Familia ya mkonge ilikaa pamoja, na hilo ni jema. Lakini ilihamisha nguvukazi yote. Waliokaa Tanga miaka mingi waligundua kuwa nyumbani hapakuwa tena na shamba la kurudia, wala nyumba. Bei ya mkonge iliposhuka baada ya mwaka 1964, kutokana na ushindani wa nyuzi za viwandani, walijikuta hawana kazi huko na hawana ardhi huku.

Aidha, milango ya ajira za nje hufungwa ghafla. Tanganyika iliifungia Wenela mara baada ya uhuru wa Desemba 1961. Aprili 4, 1974 ndege iliyobeba wachimbaji wa Malawi ilianguka Francistown, Botswana, na kuua watu 78. Rais Kamuzu Banda akasimamisha uandikishaji, na haukuanza tena hadi mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamalawi walizuiwa tena, safari hii kutokana na mgogoro wa kupima virusi vya Ukimwi. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga mipaka ya nchi nyingi ndani ya wiki chache tu. Kila mara, aliyekuwa na shamba nyumbani ndiye aliyekuwa na pa kuangukia.

Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kazi

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kudhani kwamba kuvuka mpaka bila viza ni sawa na kuruhusiwa kufanya kazi. Mtanzania anaweza kuingia Malawi au Afrika Kusini kwa matembezi ya muda mfupi bila viza. Akikutwa anafanya kazi bila kibali, anaweza kukamatwa na kurudishwa, na mwajiri asiye mwaminifu anajua hivyo. Ndiyo maana asiye na kibali hulipwa kidogo na hathubutu kudai.

Kosa la pili linamhusu mwenzi. Katika nchi nyingi, mume akipata kibali cha kazi, mke hupewa kibali cha mtegemezi. Kibali hicho kinamruhusu kukaa, lakini hakimruhusu kuajiriwa wala kufungua biashara. Hapo watu wawili wanaishi kwa mshahara mmoja katika mji ambao maji, kuni na mboga vyote vinanunuliwa.

Kwa Watanzania upo mlango mmoja ulio tofauti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kufuatana na mwenzi wake na watoto, na inampa mwenzi huyo haki ya kuajiriwa au kujiajiri. Kila nchi imeweka orodha ya kazi ilizozifungua, hivyo si kila kazi inapatikana. Lakini kwa mke na mume wenye ujuzi, kama ualimu au uuguzi, Kenya, Uganda au Rwanda inaweza kuwa na faida kuliko nchi ya mbali yenye mshahara mkubwa kwa mmoja tu.

Malawi, jirani wa karibu kabisa wa Mbaha, si mwanachama wa Afrika Mashariki. Ni mwanachama wa SADC, na itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu watu kusafiri na kufanya kazi kwa uhuru haijaanza kutumika, kwa kuwa nchi zilizoiridhia hazijatosha. Kwa hiyo ukaribu wa maji usimdanganye mtu.

Njia ya Uarabuni ina sura yake. Kazi inayopatikana kwa wingi ni ya ndani na huwaendea wanawake. Mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili, kibali hufungwa kwa mwajiri mmoja, na mume wa mtumishi wa ndani hapati nafasi ya kumfuata. Ni Wenela iliyogeuzwa, sasa mke anaondoka na mume anabaki. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017 iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, lilieleza visa vya kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko na kutolipwa mshahara. Wapo waliokwenda na kurudi salama na fedha zao. Tofauti mara nyingi ilianzia kwenye mkataba na kwa wakala.

Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, aliyeanzishwa mwaka 2008, ni mahali pa kuuliza kabla ya kutia saini. Anayeambiwa alipe fedha kwanza, asiulize maswali na asiende ofisi yoyote ya serikali, ajue ameingia mtegoni.

Hesabu ya mfano

Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu. Tarakimu hizi si takwimu za mahali fulani. Kila msomaji aweke zake.

Mke na mume wanaondoka kwa miaka miwili. Mume anapata mshahara ulio sawa na Sh600,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba Sh150,000, chakula Sh180,000, nauli na simu Sh70,000. Jumla Sh400,000. Inabaki Sh200,000. Wanatuma nyumbani Sh100,000 kwa ajili ya watoto na wazee, na ada ya kutuma ni asilimia 8, yaani Sh8,000. Akiba ni Sh92,000 kwa mwezi, au Sh2,208,000 kwa miaka miwili.

Sasa ondoa gharama za safari. Pasipoti mbili kwa Sh150,000 kila moja, ada iliyotangazwa pasipoti ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018, ni Sh300,000. Nauli za kwenda na kurudi pamoja na vibali, tuseme Sh1,100,000. Jumla Sh1,400,000. Kinachobaki mkononi baada ya miaka miwili ni Sh808,000.

Je, nyumbani wangepata nini? Tuseme shamba la mihogo na mpunga, pamoja na biashara ndogo ya dagaa, lingewaachia Sh1,500,000 kwa mwaka baada ya gharama na matumizi ya nyumba. Kwa miaka miwili ni Sh3,000,000. Shamba likilala, wamepoteza Sh3,000,000 ili wapate Sh808,000.

Shamba likibaki na mtu wa kuaminika kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu, wanapata Sh1,500,000 kutoka shambani. Ukijumlisha na Sh808,000 wanakuwa na Sh2,308,000. Bado ni pungufu ya kile ambacho wangepata bila kuondoka.

Hesabu inageuka pale tu mke naye anapopata kazi halali. Tuseme anaanza mwezi wa saba kwa Sh300,000, na gharama zake za kwenda kazini ni Sh50,000. Kwa miezi 18 anaongeza Sh4,500,000. Jumla yao sasa ni Sh6,808,000, zaidi ya mara mbili ya kubaki nyumbani.

Hesabu hii inaonyesha kwamba faida ya mke na mume kwenda pamoja imo katika mshahara wa pili na katika shamba linaloendelea kulimwa. Wakikosa vyote viwili, safari inakuwa matembezi ya gharama kubwa.

Fedha isiyeyuke njiani

Fedha ya ugenini ina adui wawili, ambao ni ada ya kutuma na thamani ya sarafu.

Nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana mwaka 2015 kwamba ifikapo mwaka 2030 ada ya kutuma fedha kutoka nchi moja hadi nyingine iwe chini ya asilimia 3. Afrika Kusini mwa Sahara imekuwa kwa miaka mingi eneo ghali kuliko yote duniani kwa huduma hiyo. Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine kufuata, kupokea fedha kijijini kumekuwa rahisi. Lakini urahisi wa kupokea usimfanye mtumaji asiulize bei. Kutuma mara moja kwa miezi miwili mara nyingi ni nafuu kuliko kutuma kidogo kidogo kila wiki.

Adui wa pili ni mkali zaidi kwa watu wa ziwani. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola moja ya Marekani iliyokuwa ikiuzwa kwa kwacha zipatazo 1,180 ikapanda hadi 1,700. Aliyekuwa na akiba ya kwacha 1,180,000 alilala na dola 1,000 na kuamka na dola 694. Hakuibiwa na mtu. Mfanyakazi au mfanyabiashara anayelipwa kwacha hana sababu ya kuiweka akiba kwa muda mrefu. Anunue bidhaa inayouzika nyumbani, au aigeuze mapema iwe shilingi.

Hapa ndipo busara ya mpango wa Wenela inapofaa kurudiwa kwa hiari. Mke na mume wakubaliane kabla ya kuondoka kiasi kitakachokwenda moja kwa moja benki au katika chama cha akiba na mikopo nyumbani kila mwezi, kabla hawajanunua televisheni. Fedha ya matumizi ya wazee na watoto iwe mbali na fedha ya mtaji. Zikichanganywa, mtaji huliwa wote, na hakuna wa kulaumiwa kwa sababu waliokula ni ndugu.

Asiyekuwapo na lake halipo

Methali hii inafanana sana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kifungu cha 45 kinaeleza wakati ambapo ardhi ya hakimiliki ya kimila inahesabiwa kuwa imetelekezwa. Sababu mojawapo ni kutotumika kwa muda usiopungua miaka mitano. Sababu nyingine, ambayo wengi hawaijui, ni mwenye ardhi kuondoka nchini bila kumwachia mtu yeyote jukumu la kuitunza, na bila kuiarifu Halmashauri ya Kijiji.

Ardhi haichukuliwi siku hiyo hiyo. Halmashauri hupaswa kutoa tangazo katika ofisi yake na kulibandika kwenye ardhi yenyewe, likitoa muda usiopungua siku 30 kwa mwenye sababu ya kupinga ajitokeze. Lakini tangazo lililobandikwa kwenye mwembe wa Mbaha halisomwi na mtu aliye Johannesburg au Muscat. Na mara nyingi anayelima bila ruhusa si mgeni, ni jirani au ndugu aliyeona pori na kulihurumia.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kwanza, mke na mume waandike barua kwa Halmashauri ya Kijiji kupitia kwa mtendaji, wakieleza wanakwenda wapi, kwa muda gani, na nani ameachiwa shamba. Wapate nakala yenye mhuri. Pili, makubaliano na mtunzaji yaandikwe mbele ya mashahidi: mipaka, mazao, mgawo, na tarehe ya mwisho. Hata kama mtunzaji ni shemeji au baba mdogo, maandishi hayavunji undugu. Yanaulinda. Tatu, kama kijiji kinatoa hati za hakimiliki ya kimila, waombe hati yenye majina ya wote wawili. Mmoja akifariki ugenini, au ndoa ikivunjika, aliyebaki asianze kugombana na ukoo akiwa na sanduku mkononi.

Aina ya zao nayo ina uzito. Mhogo ni rafiki wa msafiri kwa sababu hukaa ardhini na kungoja. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulijulikana katika mwambao wa Ziwa Nyasa tangu miaka ya 1950, huozesha kiazi ndani wakati shina likionekana zima. Mtunzaji ang'oe mashina machache ya kupimia mara kwa mara badala ya kutazama majani tu. Mpunga hauna subira, kwani palizi ikipita msimu umekwisha. Kwa wenye kahawa katika milima ya Mbinga, mbuni usiopogolewa na kupuliziwa dawa kwa misimu miwili hurudi nyuma sana, na kuurejesha katika uzaaji ni kazi ya misimu mingine. Mwenye kahawa anayetaka kuondoka aache fedha ya dawa na ya upogoaji, si maneno ya kuaga peke yake.

Kabla ya kupanda gari

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yapata kilomita 66, sasa ina lami, na meli ya MV Mbeya II imekuwa ikihudumia bandari za ziwa hili tangu mwaka 2021. Mazao ya mwambao yanapata njia ya kutoka ambayo kizazi cha manamba hakikuwa nayo. Maana yake ni kwamba thamani ya shamba linaloachwa leo ni kubwa kuliko la wakati wa babu, na hasara ya kulitelekeza ni kubwa vilevile.

Mke na mume wanaofikiria kuondoka wakae chini jioni moja na karatasi. Waandike majibu ya maswali manne. Je, kibali cha kila mmoja kinaruhusu nini? Baada ya kodi, chakula na ada za kutuma, kwa mwezi kinabaki kiasi gani? Ni nani atalima, kwa mgawo gani, na je, Halmashauri ya Kijiji ina taarifa? Na mlango wa huko ukifungwa kesho, watarudi kwa nauli ipi na kuanza na nini?

Wakiweza kujibu yote manne, waende na baraka za wazee. Wakikwama kwenye moja, waahirishe safari hadi msimu ujao. Msimu huo mmoja wa kusubiri una gharama ndogo kuliko miaka miwili ya kulipia kosa, na ng'ombe aliyekuwa auzwe kwa ajili ya nauli atakuwa bado yuko zizini.